Sema Kwanza, Ndipo Ule

Shangazi yangu alikataa kupakua ugali mpaka mimi na kaka yangu tuseme.

Ilikuwa Mbebe, wilayani Ileje, mwezi wa saba, msimu ambao ukitoka nje alfajiri unaiona pumzi yako mwenyewe. Msiba wa baba mkubwa ulikuwa umekwisha. Wageni wa mbali walishaondoka, wengine wakiwahi magari ya Tunduma, na maturubai yalishakunjwa. Tulibaki watu wa nyumbani tu. Maharage yalikuwa yameiva, ugali umeshasongwa, watoto wanachungulia jikoni kila baada ya dakika mbili. Shangazi akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa jiko, akasema hapakui.

"Nyie wawili mna jambo. Lisemeni hapa, ndipo mle."

Tukajifanya hatuelewi. Mimi na kaka tulikuwa na miaka mitatu hatuzungumzi zaidi ya "habari za safari" na "tunamshukuru Mungu". Kwenye simu tulitumiana salamu za sikukuu kama watu wa ofisi moja. Hatukuwahi kutukanana. Ukituuliza, kila mmoja angekuambia hana tatizo na mwenzake. Na mle ndani kila mtu, hadi mtoto wa darasa la tatu, alijua kwamba tuna tatizo.

Kaka ndiye aliyeanza. Sitaandika yote, mengine ni ya nyumbani. Yalikuwepo ya shamba la kahawa lililouzwa bila mimi kuambiwa, na yalikuwepo ya mama kulazwa na mimi kuleta hela badala ya kuja mwenyewe. Alisema vibaya, kwa sauti ya juu, na mimi nikajibu vibaya vilevile. Shangazi hakutuzuia. Tulipoishiwa maneno akachota maji kwa kikombe, akampa kaka. Kaka akayachukua mdomoni, akageuka upande, akayapuliza nje yakatawanyika kama ukungu. Kikombe kikaja kwangu. Kisha ndipo sahani zikaanza kutoka.

Nakiri niliona aibu kidogo. Nimesoma, nakaa Dar, nina maoni juu ya kila kitu. Nikasema moyoni, haya ni mambo ya shangazi tu. Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua kitabu cha Monica Wilson, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kilichotoka 1957, nikakuta yale maji humo ndani.

Ndiyo maana naandika makala hii. Tuna mazoea, sisi wapenda vitabu, ya kudhani kwamba historia ya hisia ni mali ya Ulaya, kwamba wao ndio waliokaa chini wakafikiri maana ya kukasirika, na sisi tulikuwa tunakasirika tu. Nataka kuonyesha kwamba kwenye milima hii kati ya Rungwe na Mto Songwe watu walikuwa wamefikiri sana, tena walikuwa na nadharia kamili juu ya hasira na mdomo.

Tuanze na ramani, maana bila ramani mtu wa Itumba ataniuliza Wanyakyusa wanamhusu nini. Sisemi Mndali ni Mnyakyusa. Ukisema hivyo Ileje utajibiwa, na utastahili. Ileje ni wilaya ya lugha nyingi: Kindali, Kilambya, Kimalila, Kinyiha, na ng'ambo ya mto ni Malawi ambako lugha hizo hazikusimama mpakani kugongewa mihuri. Lakini zamani za ukoloni Undali na Ulambya vilitawaliwa kutoka Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Mkoa wa Songwe ni wa juzi, ulitolewa kwenye Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Watu wa eneo hili walioana, walizikana, walikimbiliana wakati wa njaa. Maji ya kupuliza yalivuka milima bila kuombwa kibali.

Sasa, kitabu. Mwaka 1934 kijana wa Kiingereza, Godfrey Wilson, mwanafunzi wa Malinowski kule London, alifika Rungwe kujifunza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka uliofuata alimuoa Monica Hunter, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, ambaye tayari alikuwa ameshafanya utafiti wake mwenyewe kwa Wapondo. Wakafanya kazi pamoja hadi 1938. Hawakufanya peke yao. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani wao, aliwatafsiria na kuwaandikia mengi, na ni hivi karibuni tu ambapo waandishi wa historia wameanza kumtaja kwa jina badala ya kumficha nyuma ya neno "msaidizi". Mimi nasoma kila ukurasa wa Wilson nikimwaza Mwaisumo: ni neno gani alilotoa yeye, na mzungu akaandika nini?

Jambo lililowashangaza akina Wilson kwanza ni namna watu walivyokaa. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walianza kuhama nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakaendelea kukaa pamoja hadi wanaoa na kuzeeka. Kijiji kilikuwa cha marika, si cha ukoo. Na lililosifiwa kuliko mengine ni "ukwangala", yaani kukaa pamoja, kula pamoja, kupiga soga, kutaniana, kuburudishana kwa maneno. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Monica aliliona neno hilo kuwa zito kiasi kwamba kitabu chake cha 1951 juu ya vijiji vya marika alikiita Good Company.

Lakini fikiria maana yake. Umezungukwa maisha yako yote na watu wa umri wako, mnakula chungu kimoja, mnajuana. Je, akikukosea mmoja? Utahamia wapi? Hapa ndipo inapokuja ile nadharia niliyoitaja.

Wanyakyusa walimweleza Wilson juu ya "imbepo sya bandu", pumzi ya watu. Mbepo ni upepo, ni baridi, ni pumzi. Ni ndugu wa neno letu upepo, bila ubishi. Mtu aliyewakosea majirani zake, kwa mfano aliyewadharau wazazi, au aliyekuwa na ng'ombe akawanyima wenzake nyama, majirani walimnung'unikia. Hawakumfuata kumwambia. Walisemezana jioni kwa sauti za chini, na yale manung'uniko yaliyotoka mdomoni yakawa ubaridi, ukamfikia. Akaanza kutetemeka, akapata homa, au mtoto wake akaugua. Vivyo hivyo baba aliyemkasirikia mwanawe, au shangazi aliyedharauliwa na watoto wa kaka yake, alinung'unika karibu na moto, na mizimu ya ukoo ikasikia.

Tunaweza kubishana kama mtu huugua hivyo au la. Nina rafiki daktari atakayekuambia mambo ya malaria. Ninachokitaka mimi kwenye wazo hili ni namna linavyoiona hasira. Kwetu leo hasira iko ndani. Tunasema "nina hasira" kama tunavyosema "nina njaa", kitu changu, tumboni mwangu, na nikiamua kukinyamazia basi kimenyamaziwa. Kwa wazee wale hasira haikukaa ndani. Ilikuwa inatoka muda wote, kama pumzi, upende usipende. Kunyamaza hakukuizuia; kulibadilisha njia tu. Hujamwambia mhusika, lakini ujumbe umefika.

Na tiba yake? Mgonjwa au ndugu zake waliwaita majirani, wakakubali kosa, wakachinja. Wale waliokuwa wakinung'unika wakasema sasa mchana kweupe kile walichokuwa wakikisema usiku: ulitufanyia hivi, tulikasirika. Kwenye matambiko ya ukoo ilikuwa hivyohivyo. Wilson anarudia katika vitabu vyake kwamba tambiko lililofanywa huku mtu ameficha kinyongo ni kazi bure. Lazima kwanza kikiriwe. Mtu anasema nilikasirika, anasema kwa nini, kisha anapuliza maji kuonyesha kwamba kilichokuwa ndani kimetoka.

Hebu litazame jambo hili taratibu, maana mimi lilinichukua siku kadhaa. Kinachoua na kinachoponya ni maneno yaleyale. "Ametudharau, amekula nyama peke yake." Yakisemwa pembeni bila yeye kuwepo, ni pumzi ya baridi. Yakisemwa mbele yake, akasikia na akajibu, ni dawa. Hakuna mti, hakuna hirizi katikati. Kinachobadilika ni nani amesikia.

Na mwenye nguvu naye hakusalimika. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chifu wa Kinyakyusa, malafyale, alikuwa mtu wa kuogopwa, ana ng'ombe, ana wake wengi. Lakini yeye pia aliogopa pumzi ya watu. Akiwadhulumu, viongozi wa vijiji, ambao hawakuwa wa damu ya kichifu, walinung'unika, na ubaridi ukamwangukia. Ikabidi naye aite watu, asikilize. Siasa nzima ilisimama juu ya kukubali kwamba manung'uniko ya mkulima wa kawaida ni kitu cha kweli kinachoweza kumfikia mkubwa kitandani kwake. Leo mkubwa akinung'unikiwa anabadilisha namba ya simu.

Sitaki kupaka rangi. Mfumo huu haukuwapa wote mdomo sawa. Hasira iliyohesabiwa kati ya ndugu ilikuwa hasa ya wakubwa: baba kwa mwana, shangazi kwa watoto wa kaka yake. Mwana akiwa na hasira na baba yake, sijaona popote kwenye vitabu vile baba akitetemeka. Na mke aliyeolewa? Alitakiwa kumkwepa baba mkwe kabisa, asimtazame, asikutane naye njiani, asitamke jina lake wala maneno yanayofanana na jina hilo. Hadi leo Wanyakyusa na majirani zao wana maneno ya pembeni, "ingamwana", ambayo mkamwana anatumia badala ya yale yaliyokatazwa. Ni ustadi mkubwa wa lugha, mtu anabeba kamusi ya pili kichwani. Lakini mwanamke huyo akikosewa na baba mkwe wake, atamwambiaje, ikiwa hata jina hawezi kulitaja? Itabidi apite kwa mtu mwingine, na huyo mwingine apite kwa mwingine. Vitabu havituambii ni maneno mangapi yalipotelea njiani.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa. Baadaye Wamoravian walifika hadi Ileje; Isoko bado ni jina kubwa kwa hospitali yao. Tumezoea kusema kwamba kanisa lilikuja na kufuta mila. Kwa jambo hili sina uhakika kama "kufuta" ndilo neno lake. Wamoravian walikuja na desturi yao ya zamani, iliyotoka Herrnhut karne ya 18: kabla ya Chakula cha Bwana muumini alikaa na kiongozi wake kuzungumza hali ya moyo wake. Na Injili ya Mathayo inamtaka mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane na ndugu yake kwanza. Unafikiri mzee wa Kindali aliposikia hilo alihitaji kufafanuliwa? Sema kwanza, ndipo ule. Nadhani alitikisa kichwa na kusema hawa nao wanajua.

Lakini kulikuwa na tofauti, na imetugharimu. Ungamo la kanisani, la faragha, lilimpeleka mtu kwa kiongozi. Lile la nyumbani lilimpeleka kwa aliyemkosea. Ukiungama kwa mchungaji kwamba unamchukia kaka yako, umetubu, umesamehewa, na kaka yako hana habari. Ni tofauti na ule uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kufika Bukoba, ambako watu walisimama hadharani wakataja dhambi zao pamoja na majina ya waliowakosea, hadi wakubwa wa kanisa wakaona haya. Uamsho ule uligombanisha watu wengi, lakini angalau mhusika alisikia.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sheria yake. Sheria ya uchawi ya 1928 ilimwadhibu anayefanya uchawi na vilevile anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ilikuwa na sababu nzuri, nitazirudia. Lakini fikiria baraza la majirani ambapo mtu anasema "naugua kwa sababu mmenikasirikia". Hayo sasa ni mazungumzo ya nyumbani au ni mashtaka? Mtu mwenye akili anaanza kunyamaza.

Kisha wanaume wakaondoka. Dhahabu ya Lupa kule Chunya iliwavuta miaka ya 1930, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwavuta zaidi. Sasa unakasirikiana na mtu aliye mamia ya maili. Hamuwezi kula chungu kimoja, hamuwezi kupuliza maji. Kukawa na barua, na barua ilisomwa na yeyote anayejua kusoma, mara nyingi mtoto wa shule, mbele ya nyumba nzima. Ni mke gani ataandikisha uchungu wake wa kweli kwa mkono wa mtoto wa jirani? Barua zikajaa salamu. Sisi hapa hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Wengi wetu tumekulia katika barua za namna hiyo.

Na lugha yenyewe ilibadilika. Kiswahili kilipokuwa lugha ya shule, ya stendi na ya mpakani, kilitupa hazina kubwa: hasira, huzuni, furaha, hofu, ghadhabu, simanzi. Mengi kati ya hayo yana asili ya Kiarabu, na ni mazuri. Yetu ya Kibantu yanakaa mwilini zaidi, kama "uchungu", ambao ni ladha, ni maumivu, ni uzazi, ni hasira ya aliyeonewa, vyote katika neno moja. Tuna na "pole", neno ambalo wageni wanatuonea wivu, maana unampa mtu hata kama si wewe uliyemkosea. Lakini Kiswahili cha salamu kina mtego. Jibu ni "nzuri". Kila Mtanzania anajua yale mazungumzo: habari za nyumbani? Nzuri, isipokuwa baba amefariki. Tunacheka, ila mimi na kaka tuliishi ndani ya hiyo "nzuri" miaka mitatu.

Pwani, wenyewe Waswahili, walikuwa na njia yao. Kule hasira ilivikwa. Mwanamke alimjibu jirani yake kwa maandishi ya kanga, akapita mbele ya mlango wake bila kusema neno. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, alijua kuimba dhuluma za Zanzibar kwa namna ambayo mhusika anajitambua na huwezi kumshtaki mwimbaji. Fumbo ni sanaa, nami nalipenda. Ila fumbo linamwachia mhusika nafasi ya kusema "halikunihusu". Kule milimani kwetu nafasi hiyo ilikuwa finyu sana, umeitwa kwa jina na chakula kinapoa.

Watasema wengine kwamba mambo haya Ulaya waliyagundua zamani. Kweli, mwaka 1895, miaka minne tu baada ya wamisionari kufika Rungwe, Breuer na Freud walichapisha kule Vienna kitabu chao juu ya histeria, chenye habari za mgonjwa aliyeona nafuu kwa kusema yaliyomkaa moyoni. Mwenyewe aliiita tiba ya kuongea. Nakubali ni ugunduzi mkubwa. Lakini tazama nani anasikiliza pale Vienna: mtu wa nje, aliyelipwa, asiyehusika. Baba, mume, dada, wote wako nyumbani, hawajui kilichosemwa. Tiba nyingi tunazoletewa sasa, na makala zote za "jifunze kueleza hisia zako", ni wajukuu wa chumba kile. Zinakufundisha kusema. Za kumfundisha mwenzako kukaa kwenye kigoda asikilize, ni chache.

Niseme habari ya Godfrey Wilson, kwa sababu siwezi kuisoma kazi yao bila kuiwaza. Kutoka Rungwe alikwenda Rhodesia ya Kaskazini kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Rhodes-Livingstone. Alitaka kuandika ukweli juu ya maisha ya wafanyakazi wa migodini, wenye migodi hawakupenda, na mwaka 1941 akajiuzulu. Alikuwa mtu asiyeamini vita, kisha akaingia jeshi la Afrika Kusini kwenye kitengo cha tiba. Alikuwa na ugonjwa wa sonona kwa muda mrefu. Mwaka 1944 alijiua. Alikuwa na miaka thelathini na kitu.

Aliacha mke, watoto wawili wa kiume, na marundo ya daftari za Rungwe. Monica akafundisha, akawa profesa, kwanza Rhodes kisha Cape Town, na kwa zaidi ya miaka thelathini akaendelea kuandika kutoka kwenye daftari zile walizojaza pamoja. Kitabu cha mwisho cha mfululizo huo kilitoka 1977. Mwaka 1954 aliandika makala akisema, kwa maneno yangu, kwamba kwenye ibada ndipo watu wanapoonyesha kile kinachowagusa zaidi, na Victor Turner akaja kuiweka kauli hiyo mwanzoni mwa kitabu chake maarufu. Wasomi wanainukuu kama kanuni ya nadharia. Mimi naisoma kama maneno ya mjane, aliyekaa miaka na maandishi ya mumewe juu ya watu wanaosema "kinachokukaa moyoni kiseme, kitakuua". Labda nazidisha.

Nilisema nitarudia sababu nzuri za ile sheria. Nyanda za juu kusini zina historia ya wazee kupigwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao ni wanawake. Hili linatoka kwenye chungu kilekile. Ukiamini kwamba hasira ya mtu inaweza kukuuguza, una njia mbili. Ya kwanza ni kumwendea na kumuuliza: nimekukosea nini? Ya pili ni kumwendea na panga. Wazee waliokuwa na kigoda na kikombe cha maji walichagua ya kwanza, na walikuwa na majirani wa kuwashuhudia. Imani ikibaki na kigoda kikaondoka, mwanamke mzee anayeishi peke yake, aliyenuna kidogo kwa sababu hakualikwa kwenye arusi, yuko hatarini.

Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi, na nilichelewa sana. Kwa muda wote nilidhani siku ile alikuwa anatuganga sisi. Sikukumbuka kwamba baada ya mimi kupuliza maji, kikombe kilirudi kwake. Alikitazama, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba na yeye alikasirika. Alikasirika kwa sababu kahawa ile ilikuwa shamba la baba yake kabla halijawa letu, na katika kugombana kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Na kwamba watoto wangu wanapita Tunduma kila Desemba kwenda kwa mama yao Zambia hawafiki Mbebe, ilhali kutoka Mpemba sasa kuna lami. Alisema alinung'unika. Alitumia neno hilohilo. Kisha akapuliza maji.

Ni mjane. Ni mzee. Ni shangazi, yaani mtu ambaye manung'uniko yake, kwa hesabu za zamani, yana uzito. Kama mimi au kaka au mmoja wa watoto wetu angeugua mwaka ule, kuna watu pale kijijini ambao wangemhesabia. Alikuwa anajua. Aliyasema yake mbele ya mashahidi kumi na moja na watoto, mchana.

Sikumjibu chochote siku ile, nilikuwa na njaa na ugali ulikuwa umeanza kukauka juu. Nilimjibu Desemba. Tulishuka Mpemba wote watano, na mtoto wangu mdogo akatapika kwenye kona za njiani.

Na kaka yangu alinipigia wiki iliyopita. Tuligombana tena, safari hii mbolea. Akakata simu. Baada ya kama nusu saa akapiga, nikadhani anaomba radhi. Hapana. Alikuwa amekumbuka jambo jingine la mwaka juzi ambalo hakulimalizia.